Siku Niliyomwambia Kaka "Ejo"

Kaka yangu Nkunzimana ukimwita mara moja haitiki. Mara ya pili anageuza kichwa kidogo. Mara ya tatu, akishauona uso wako na mikono yako, ndipo anasema "Naam." Hapa Kumsenga watu wamemzoea, na watoto wanamwigiza wakicheza. Hata mimi nimemtania kwa jambo hilo tangu nikiwa msichana, ingawa najua lilikotoka. Mwaka sabini na mbili, watu wakiuawa kwetu, alikuwa na miaka mitano, mama akamvusha mpaka kutoka Burundi akiwa amemfunga mgongoni, mtoto mkubwa wa kutosha kutembea. Mchana walilala kwenye majani. Kila alipotaka kusema, mama alimziba mdomo. Alimwambia, ukisikia jina lako usiitike mpaka umwone anayekuita. Mimi nilizaliwa huku, miaka mitatu baadaye. Mdomo wangu haukuzibwa na mtu, na wanaonijua sokoni Kibondo, ninakouza uyoga na maharage, watakwambia hivyohivyo.

Kaka anaogopa sare. Si ya polisi tu. Mlinzi wa benki pale mjini, kijana wa kumzaa, aliamkiwa na kaka shikamoo kwa mikono miwili mpaka kijana mwenyewe akaona haya. Cheti chake cha uraia kimo ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umo ndani ya kofia, na kofia haivuliwi ila kanisani. Siku moja nilimuuliza, kaka, umeshapiga kura mara ngapi wewe, bado tu unaogopa? Akanijibu kwa kunong'ona, kwenye nyumba yake mwenyewe, kwamba aliyeandika cheti yupo na kalamu anayo. Nilicheka. Sasa hivi sicheki.

Lakini msituni alikuwa mtu mwingine. Kaka ni mfuga nyuki. Alifundishwa na Muha mmoja mzee, mwenyeji wa huku, aliyempa mama kiwanja walipofika, na kwa miaka arobaini alikuwa na mizinga katika Msitu wa Ruvungwe, mizinga ya magogo, sitini na mitatu, kila mmoja ameuchonga kwa mkono wake na kuutundika juu kwenye miti ya mitundu na mininga. Asali yake ilikwenda mpaka Kasulu, kwenye duka la Hashimu, na Hashimu hakuichanganya na ya mtu mwingine. Akiingia msituni anakaa wiki mbili, tatu, kwenye kambi yake ya majani. Nilipokuwa binti nilikuwa nampelekea unga. Nikikaribia namsikia kabla sijamwona, anaimba, anawasemesha nyuki kwa sauti, anacheka peke yake. Mara ya kwanza nilidhani ana mgeni. Mtu huyu anayenong'ona nyumbani kwake alikuwa na sauti nzuri kuliko mwalimu wetu wa kwaya, na alikuwa anaiacha kule kwenye miti. Wifi yangu Dorcas, mkewe kwa miaka thelathini, hajawahi kumsikia akiimba.

Zamani msitu ule ulikuwa wa kuingia tu. Unataka kuni, uyoga, dawa ya tumbo, unaingia. Halafu wakaja wakata mkaa, wakaja na wenye ng'ombe mamia kutoka mbali, na nisiseme uongo, msitu ulikuwa unakwisha tukiuangalia. Kwa hiyo walipokuja wakubwa kutuambia umepandishwa hadhi, sasa ni hifadhi, mimi nilipiga makofi. Mkubwa mmoja akasimama akasema msitu huu ni mali yetu sote, wananchi, na kuanzia leo ni marufuku kuingia. Watu wakatazamana. Mimi nikauliza kwa sauti, kama ni wangu mbona siingii? Walicheka wote, na mkubwa naye akacheka, lakini bikoni za saruji zikasimikwa mpakani. Tukaruhusiwa kuokota uyoga mpaka mtoni, ng'ambo ya mto ni kwa kibali. Wafuga nyuki walipewa vibali, na lazima wapite getini, waandikwe kwenye daftari wakiingia, waandikwe wakitoka.

Kaka alikata kibali siku ya kwanza kabisa. Alikiweka kwenye kofia pamoja na cheti.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tukatangaziwa zoezi la kuwatoa wavamizi. Msitu ungefungwa kuanzia tarehe thelathini kwa miezi mitatu. Mwenye kibali atoke kabla, asaini getini. Atakayekutwa ndani baada ya hapo ni mvamizi, awe na kibali asiwe nacho. Kwa wengine hiyo ni faini au mahabusu, na ni mbaya vya kutosha. Kwa sisi tuliopewa uraia kuna hofu nyingine juu yake. Ilisemwa kwenye visima na kwenye vilabu kwamba mmoja wetu akipatikana na kosa la hifadhi, faili lake linafunguliwa upya, na anaulizwa tena alitoka wapi. Sijui kama ni kweli. Sijamwona mtu aliyefanyiwa hivyo. Ila tuliogopa, na kaka aliogopa kutuzidi sote, na bado akaingia tarehe nane kwa sababu asali ilikuwa imeiva.

Tarehe ishirini na moja, siku ya Alhamisi, gari la matangazo likapita. Siku imebadilika. Mwisho wa kutoka ni kesho Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

Kule kambini kwa kaka hakuna mtandao. Nikachukua kikapu changu nikashuka mtoni kuokota uyoga, huku nikijua saa hizo yeye hushuka upande wa pili kuchota maji. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, mto umejaa, unanguruma, hakuna wa kuvuka. Na kweli akatokea na dumu lake. Nikapiga kelele kwa Kirundi, maana sisi wawili tukiwa peke yetu husema Kirundi. Nikamwambia wamebadilisha siku ya kufunga, toka upesi. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia. Mto ukameza mengine yote, likavuka neno kufunga tu. Akauliza, na hilo nililisikia vizuri kwa sababu ana sauti akiwa msituni, "Ryari?" Lini?

Nikakusanya pumzi zote nikampigia neno moja.

"Ejo!"

Asiyejua lugha yetu nimweleze hapa. Kwetu jana ni ejo. Kesho nayo ni ejo. Kitendo kinachofuata ndicho kinachokuambia kama jambo limepita au linakuja, na kwa kuwa kitendo hakikosekani, hatujawahi kupotezana. Mimi sikuweka kitendo. Nilitaka kusema kesho, kwa hiyo nilisikia kesho mdomoni mwangu. Kaka akaliweka dumu chini bila kulijaza, akarudi kwenye miti haraka, ameinama. Nilifurahi. Nilisema, ona alivyo na adabu, ameambiwa tu mara moja anakwenda kufungasha. Nikaokota uyoga wangu nikarudi nyumbani nikala nikalala vizuri.

Ijumaa wafuga nyuki walianza kutoka asubuhi. Kaka hakuwemo. Nikasema ana mzigo mkubwa. Dorcas akaja kuniuliza mara mbili, nikamwambia wifi tulia, mumeo nimemwambia mwenyewe.

Saa saba mchana akaja Havyarimana. Huyu ni mfuga nyuki mwenzake kaka, kambi zao zinapakana. Hakukaa hata nilipomvutia kigoda.

"Kezia, jana ulimwambia nini kaka yako?"

"Nimwambie nini? Kwamba wanafunga."

"Nimepita kambini kwake asubuhi. Moto ameuzima, majivu ameyafunika majani, ndoo za asali amezificha. Ananong'ona. Ananiambia tumekwisha, wamefunga juzi, mimi na yeye tumeshakuwa wavamizi, nijifiche. Nikamwambia, mzee, ni leo jioni, tuna siku nzima. Akakataa. Akasema dada yake mwenyewe kamwambia ejo, na dada yake hawezi kumdanganya."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Hesabu ikajipanga yenyewe kichwani: kaka alisikia ejo ya jana, akaona geti limeshafungwa nyuma yake, na kila mwenye kumwambia "toka tu, njia iko wazi" ni mtu aliyetumwa. Basi angekaa mafichoni mpaka saa kumi na mbili ipite. Na saa kumi na mbili ikipita, kile alichokiogopa bure kingekuwa kweli. Alikuwa na kibali halali kwenye kofia na nusu siku nzima ya kutembea hadi getini kwa miguu yake, na mimi nilikuwa nimemgeuza mwizi kwa silabi mbili.

Nilipanda bodaboda mpaka getini. Saa tisa kasoro robo. Askari wa zamu alikuwa kijana anayeitwa Shamsi, mtu wa Tanga, mpole, anayenunuaga uyoga wangu na kulipa bila kubishana. Nilimweleza huku nahema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari. Jina la kaka lilikuwepo, kaingia tarehe nane, na upande wa kutoka uko wazi. Kati ya majina yote ya ukurasa ule, ni lake tu lililobaki hivyo.

"Mama, nisaidie," akasema. "Neno moja ni jana, neno hilohilo ni kesho?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa mnaelewanaje?"

"Mpaka jana tulikuwa tunaelewana."

Hakucheka, wala mimi sikukusudia kumchekesha. Akatazama saa. Akaniambia hana ruhusa ya kuacha geti, na akimtuma mwenzake mwenye sare, mzee atakimbia zaidi. Nikasema nakwenda mimi. Akasema sina kibali. Nikasema najua. Akachukua kalamu, akaniuliza jina, akaandika chini ya jina la kaka, Kezia Mpawenimana, msindikizaji, saa tisa kamili.

"Sikiliza, mama. Ukiandikwa umeingia, lazima uandikwe umetoka. Saa kumi na mbili nafunga daftari, linakwenda kwa mkuu wa zoezi. Magari yanaingia leoleo. Asiye na saini ya kutoka, jina lake liko kwenye orodha. Mimi baada ya hapo sina la kufanya. Hata nikikuona unakuja pale kwenye daraja, sina la kufanya."

Akaniuliza na nilikozaliwa, kwa sababu pana mstari wa kujaza. Nikasema Kumsenga. Ni kweli tupu, na bado sauti yangu ilitetemeka nikiisema, nikajichukia.

Kutoka getini mpaka kambi ya kaka ni mwendo wa saa nzima. Niliijua njia, lakini niliijua ikiwa na watu. Siku ile hapakuwa na shoka, hapakuwa na mluzi, hapakuwa na mtoto wa mbuzi. Msitu uliofungwa una kimya chake. Nilivuka daraja la magogo nikaanza kupanda, na kila jani lililoanguka nilisimama. Mahali pamoja nikakuta nyayo za nyati, mbichi, maji ya mvua bado hayajatuama ndani yake. Nikajikaza kisabuni nikapita. Nyati simwogopi sana, nilijidanganya, nyati haandiki majina ya watu. Kilichokuwa kinanisukuma ni saa ya simu yangu. Nilikuwa naitazama kila baada ya hatua mia, na kila nikiitazama nilikuwa nimechelewa zaidi ya nilivyofikiri.

Nilifika saa kumi na dakika tano. Kibanda kilikuwa kimebomolewa, majani yametawanywa ili ionekane hapajawahi kulala mtu. Nikatia mkono chini ya majani yaliyofunika majivu. Yalikuwa na joto. Yuko karibu, nikasema moyoni, yuko karibu kabisa.

Nikamwita. Nikangoja. Nikamwita tena. Nyuki tu juu kwenye mitundu, mvumo wao mzito wa alasiri. Mara ya tatu nilimwita kwa jina ambalo mama pekee alikuwa analitumia, ambalo siliandiki hapa. Hakuitika.

Nikaanza kusema na miti. Nikamweleza yote kwa Kirundi, kwamba nilikosea, kwamba ejo niliyoisema ni ya mbele si ya nyuma, kwamba geti liko wazi mpaka saa kumi na mbili, kwamba Shamsi anatungoja na kalamu mkononi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe kuwa naongea kama mtu aliyefundishwa maneno ya kusema. Sauti yangu ilikuwa laini mno. Ndivyo wanavyoita, wale wanaoita watu kutoka mafichoni. Mama alitusimulia, walikuwa wanaita kwa upole sana.

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Nikakaa chini, kwenye jiwe alilokuwa anakalia kuchonga.

"Basi siondoki," nikasema. "Jina langu liko kwenye daftari chini ya lako. Wakija watatukuta wawili. Mimi sina hata kibali cha kuvuka mto. Cheti changu kiko kwenye sanduku nyumbani. Wakiniuliza nimetoka wapi nitawaambia nimetoka kuokota uyoga."

Nilidhani hilo litamtoa. Ni kaka yangu, amenibeba, amenisomesha mpaka darasa la saba kwa asali. Nilingoja kusikia tawi likivunjika. Dakika kumi. Dakika ishirini. Hapo hofu yangu ikabadilika. Kabla ya hapo niliogopa hifadhi, niliogopa magari, faili, nyati. Sasa nilianza kuogopa kwamba kaka yangu ananitazama, tena yuko hatua chache tu, na ananiacha nikae. Nililia. Nilimtukana pia, matusi ambayo mzee wa kanisa kama yeye hapaswi kuitwa na mdogo wake. Nikasimama nikajifuta kamasi kwa kanga. Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Ikifika kumi na moja kamili sina tena muda wa kurudi.

Akashuka. Alikuwa juu yangu muda wote ule, kwenye mtundu, amelala kwenye tawi kati ya mizinga miwili, na nyuki walikuwa wamemwacha kwa sababu wanamjua. Alishuka polepole. Alipofika chini hakunitazama mimi. Alivua kofia, akatoa mfuko wa nailoni, akaunyanyua juu kwa mkono mmoja na mkono wa pili akaunyanyua mtupu, viganja wazi, akaielekea ile njia niliyojia, pale nyuma yangu, pasipo na mtu.

"Nimetoka, wakubwa," akasema. "Nimetoka mwenyewe. Msipige. Karatasi ninazo."

Alisema kwa Kiswahili. Alikuwa anasema na watu aliowaona yeye, waliojificha nyuma ya mgongo wa dada yake.

"Kaka, hakuna mtu."

"Wako wangapi?" akaniuliza, kwa Kiswahili hichohicho, bila kushusha mikono.

"Hakuna mtu! Niko peke yangu. Nimetoka getini mwenyewe."

"Geti limefungwa juzi. Wewe huna kibali. Nani alikufungulia?"

Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu lilikuwa askari. Nilinyamaza kidogo mno, labda pumzi moja, lakini aliiona. Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa amekasirika. Ningetamani angekasirika.

"Sawa," akasema. "Una watoto. Ningekuwa mimi labda ningefanya hivyohivyo. Tangulia."

Nikatangulia. Sikuwa na muda wa kubishana, na Mungu ananijua, niliona afadhali atembee akiamini uongo kuliko akae akiamini ukweli wake. Tulishuka karibu kwa kukimbia. Kila nikigeuka nilimkuta yuko vilevile, mikono kifuani, viganja mbele, mfuko wa nailoni umebanwa kati ya vidole, macho yanapekua vichaka kushoto na kulia. Mzee wa miaka hamsini na kitu. Miguu yake ilikuwa inajikwaa kwa sababu hakuangalia chini. Mara mbili alisimama akanambia niwaambie wasimpige mbele yangu. Mara ya pili nilizidisha mwendo. Kilichobaki ndani yangu kilikuwa kukimbia tu.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na moja tulifika darajani. Magari matatu yalikuwa yamesimama upande wa pili, wanaume wenye sare wanashusha mahema. Kaka alipowaona alitoa sauti ndogo, kana kwamba amefika alikojua atafika. Shamsi akaja mbio na daftari wazi. "Mzee, karibu, hapa tu, saini hapa." Kaka akapiga magoti. Kijana wa watu akachanganyikiwa, akapiga magoti naye, wakasaini wakiwa hivyo, wote wawili chini kwenye matope, na mimi nikasaini nimesimama. Shamsi akaandika saa, akapuliza wino. "Yamekwisha, mzee. Huna kosa lolote. Kibali chako ni kizima, zoezi likiisha karibu tena msituni kwako."

Kaka akamshukuru kwa mikono miwili. Mimi akanipita. Dorcas alimpokea barabarani akimtupia shuka begani.

Zoezi lilifanyika. Wenye ng'ombe wengi walitolewa, mkaa ukachomwa moto, na sasa ukipita barabarani unaona miche imeanza kusimama. Nasema ilipaswa kufanyika. Mwezi wa tatu msitu ukafunguliwa kwa wenye vibali. Shamsi alikuja mwenyewe kwa pikipiki mpaka Kumsenga na kibali kipya cha kaka, hata picha imebandikwa, na kaka akakipokea, akamwandalia chai, akamwambia wiki ijayo ataingia. Wiki ijayo ilipita. Miezi ikapita. Havyarimana ndiye anayemwambia hali ya mizinga, upi umedondoka, upi umeingiliwa na mchwa, na kaka anaitikia kwa kichwa kama anayeelezwa habari za mji wa mbali. Hashimu alipiga simu kutoka Kasulu kuuliza asali. Dorcas alimwambia mzee anaumwa mguu. Hana mguu unaouma.

Analima maharage sasa, kwenye shamba lililo wazi pande zote, ambapo unaona mtu akija kutoka mbali. Haimbi. Sikutegemea aimbe.

Tumezungumza habari ya siku ile mara moja tu. Nilimpeleka Havyarimana, nikampeleka na mchungaji, wakamweleza polepole. Alisema ameelewa, lilikuwa kosa la neno, yamekwisha. Akaniombea mbele yao. Lakini tangu nilipokuwa sijui kusema, lugha yetu mimi naye ilikuwa Kirundi, na tangu siku ile ananisemesha Kiswahili, kizuri, cha adabu, kile anachowasemesha wenye ofisi.

Jumapili nilimpelekea uyoga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, saa nne asubuhi, jua kali. Nikabisha, nikajitaja jina. Nikasikia amesimama upande wa pili, karibu kabisa na ubao, anapumua.

"Mko wangapi?" akauliza.

Nikamwambia kwa Kirundi kwamba niko peke yangu. Akasema ahsante, ningoje kidogo. Halafu nikasikia nyayo zake zinakwenda dirisha la nyuma kuhakikisha.